Mlinda Ghala na Anwani Mbili

Mji wa kisiwani huishi kwa milango yake. Mlango wa kusini wa kisiwa cha Mombasa ni Feri, pale ambapo mkondo wa Kilindini hukitenga kisiwa na Likoni. Tangu miaka ya 1930 vyombo vya kuvusha watu vimekuwa vikienda na kurudi mahali hapo, na kwa miaka mingi mtu aliyetoka Likoni, Ukunda au Msambweni kwa gari hakuwa na njia nyingine ya karibu ya kuingia mjini. Mwalimu, mgonjwa, mchuuzi wa samaki na mwizi wa mifukoni, wote walipanda chombo kimoja. Faida ya mlango wa namna hii ni dhahiri: gharama moja hutumikia maelfu. Hasara yake nayo ni dhahiri kwa mtu afikiriye: jambo baya likitukia mlangoni, huwagusa wote wapitao.

Insha hii yahusu mlango wa aina nyingine, usioonekana kwa macho. Ni mlango ambao maneno na picha za intaneti hupitia kabla ya kumfikia msomaji. Nitaeleza jinsi chombo kilichobuniwa ili kupunguza gharama kilivyokuja kuaminiwa na watu wasiokijua hata kwa jina, jinsi kasoro moja ilivyojificha ndani yake, na kwa nini historia ya kasoro hiyo yafaa kusomwa na kijana wa pwani yetu.

Umbali una bei, na watu wa Mombasa walilijua jambo hilo zamani. Mwaka 1879 waya wa simu za maandishi, uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden, ulifika Unguja. Na mwaka 1890 waya mwingine ukaunganisha Unguja na Mombasa. Habari iliyokuwa ikingoja pepo za kaskazi na kusi ikaweza kufika kwa saa chache. Lakini simu za maandishi zililipiwa kwa idadi ya maneno, na kwa hiyo wafanyabiashara wakajifunza kufupisha: neno moja la siri likachukua nafasi ya sentensi nzima. Hivyo ndivyo ilivyo desturi ya binadamu. Penye njia ya gharama kubwa, hutafuta hila ya kuitumia kidogo.

Miaka themanini baadaye shida ilikuwa ile ile kwa sura nyingine. Kituo cha setilaiti cha Longonot, katika Bonde la Ufa, kilifunguliwa mwaka 1970, na Kenya ikaweza kuzungumza na dunia kwa njia ya anga. Katikati ya miaka ya 1990, intaneti ilipoanza kuuzwa kwa umma, ilipita njia hiyo ya anga. Setilaiti za namna hiyo hukaa juu ya dunia kwa umbali wa kilomita 36,000 hivi. Ombi la msomaji hupanda umbali huo na kushuka tena, jumla ya kilomita 72,000. Na kwa kuwa mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, safari hiyo huchukua karibu robo ya sekunde. Jibu nalo huchukua muda kama huo kurudi. Huo ulikuwa ucheleweshaji wa maumbile, ambao hakuna fundi awezaye kuuondoa. Juu yake kulikuwa na uchache wa nafasi: kiungo kimoja chembamba kiligawanywa kati ya watu wengi, na kila sehemu yake ililipiwa kwa fedha za kigeni.

Hata barua ya mtu wa Mombasa kwa jirani yake wa mtaa wa pili yaweza kuwa ilikwenda ng'ambo na kurudi, iwapo wawili hao walihudumiwa na makampuni mbalimbali ambayo hayakuunganishwa nchini. Kwa ajili ya kuondoa upotevu huo, makampuni ya intaneti ya Kenya yalifungua mjini Nairobi, mwezi wa Novemba mwaka 2000, kituo cha kubadilishana data kiitwacho KIXP. Kampuni ya simu ya taifa ilidai kwamba haki yake ya pekee imevunjwa, na kituo kikafungwa baada ya majuma machache. Kilipata ruhusa baadaye, kikafunguliwa tena mwezi wa Februari mwaka 2002. Natoa habari hiyo ili msomaji aone jinsi suala la kuokoa nafasi lilivyokuwa zito katika miaka ile.

Hila nyingine ya kuokoa nafasi ilikuwa kuweka wakala mwenye ghala. Wataalamu humwita proksi. Kazi yake ni rahisi kueleza. Msomaji haendi mwenyewe kwenye tovuti ya mbali. Humwambia wakala, na wakala ndiye aendaye. Akisharudi na ukurasa, wakala humpa msomaji, lakini huweka nakala ghalani mwake. Mtu wa pili akitaka ukurasa huo huo, hana haja ya kusafiri tena. Hufungua ghala na kumpa nakala ile.

Tufanye hesabu. Chukulia kwamba shule ina kiungo cha kilobiti 64 kwa sekunde, yaani baiti 8,000 kwa sekunde, na kwamba wanafunzi 40 wanataka ramani moja yenye baiti 1,000,000. Ramani moja itachukua sekunde 125 kufika. Wanafunzi wote wakiiagiza ng'ambo kila mmoja kwa safari yake, itahitajika muda wa sekunde 5,000, ambazo ni zaidi ya dakika 83. Kipindi kimekwisha na kingine kimeliwa. Lakini wakiwa na wakala mwenye ghala, ramani itasafiri mara moja tu, na wanafunzi 39 waliosalia wataipokea kutoka chumba cha jirani kwa muda mfupi. Si ajabu basi kwamba walimu na mafundi wa nchi zenye viungo vyembamba walimpenda wakala huyu.

Wakala aliyepata sifa kuliko wote ni programu iitwayo Squid, jina ambalo kwa Kiingereza maana yake ni ngisi, yule yule ambaye wavuvi wetu humleta sokoni. Asili yake ni mradi wa utafiti ulioitwa Harvest katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Mwaka 1996 Duane Wessels aliichukua sehemu ya ghala ya mradi huo, akaiendeleza kwa jina la Squid. Shirika la sayansi la serikali ya Marekani lilitoa fedha za kuisaidia hadi mwaka 2000. Baada ya hapo kazi ikabaki mikononi mwa watu wa kujitolea na wafadhili wachache. Programu yenyewe ilitolewa bure. Kila mtu aliruhusiwa kuisoma, kuinakili na kuirekebisha. Mwaka 2006 kilitolewa kitabu cha bure, How to Accelerate Your Internet, kwa ajili ya wasimamizi wa mitandao wenye viungo haba, nacho kilieleza kwa kirefu namna ya kuitumia Squid. Chuo kilichokosa fedha za kununua kiungo kipana kiliweza kuchukua kompyuta kuukuu, kuweka Squid ndani yake, na kupata nafuu siku hiyo hiyo.

Sasa yatupasa kutofautisha namna mbili za kumtumia wakala. Katika namna ya kwanza, msomaji humjua wakala wake na kumtuma kwa hiari. Kompyuta yake imeandikiwa jina la wakala. Katika namna ya pili, wakala hukaa njiani kimya na kudaka maombi yapitayo, bila msomaji kuambiwa neno. Msomaji hudhani kwamba anazungumza na tovuti ya mbali, kumbe mtu mwingine amesimama katikati. Makampuni ya intaneti yaliipenda namna ya pili kwa kuwa haikuhitaji kuzigusa kompyuta za wateja mmoja mmoja. Hapo ndipo kasoro ilipozaliwa.

Ili tuielewe, natutazame ghala la kawaida la bandarini. Gunia laingia na chapa yake, karani asoma chapa, aliandika gunia katika daftari na kulipanga mahali pake. Kesho mwenye haja akija na kutaja chapa ile, hupewa gunia lile. Imani yote ya ghala hukaa katika jambo moja: kwamba kilichomo ndani ya gunia ndicho kilichoandikwa juu yake. Je, itakuwaje gunia likiwa na chapa mbili, moja mdomoni na nyingine tumboni, na zisilingane? Na itakuwaje mkaguzi wa mlangoni akisoma ya tumboni, na karani wa daftari akisoma ya mdomoni? Gunia la mchanga litapita ukaguzi kwa jina lake la kweli, kisha litaandikwa daftarini kwa jina la mchele.

Wakala adakaye maombi njiani hujua mambo mawili kuhusu kila ombi: nambari ya kompyuta ambayo ombi lilikuwa likielekea, na jina la tovuti lililoandikwa ndani ya ombi. Kwa mtu mwema mambo hayo mawili hulingana. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba Squid, ikiwa katika hali ya kudaka, iliamini jina lililoandikwa bila kuuliza kama lalingana na nambari. Kasoro hiyo ilitiwa katika orodha ya dunia ya kasoro za programu kwa nambari CVE-2009-0801. Programu ndogo ya hila, iliyofichwa katika ukurasa ambao msomaji ameufungua bila kujua, iliweza kuandika jina la uongo na kumpotosha wakala.

Haikuwa kazi ya siku moja kuiponya. Katika toleo la 3.2 la mwaka 2012, Squid ilifundishwa kukagua. Jina lililoandikwa lililinganishwa na nambari, na yasipolingana, wakala aliruhusiwa kulipitisha ombi lakini akakatazwa kuweka jibu lake ghalani. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Mgeni wa mashaka aweza kupita njia, lakini haruhusiwi kuacha mzigo wake katika ghala la wote.

Hata hivyo mlango mmoja ulisahauliwa. Kwa kanuni za mawasiliano ya intaneti, jina la tovuti laweza kuandikwa mahali pawili katika ombi moja: katika mstari wa kwanza kabisa, na tena katika mstari wa pekee utajao jina la mwenyeji. Kanuni zilizotolewa mwaka 2014 zilisema wazi kwamba wakala akipokea ombi lenye jina kamili katika mstari wa kwanza, hilo ndilo alishike, na jina lile jingine alipuuze. Squid haikulitimiza sharti hilo sawasawa. Mkaguzi wake alisoma jina la mstari wa mwenyeji, akaona kwamba lalingana na nambari, akaridhika. Daftari la ghala lilisoma jina la mstari wa kwanza. Hizo ndizo chapa mbili za gunia letu.

Mhalifu aliyeifahamu siri hiyo hakuhitaji kuivunja tovuti ya mbali, wala kuiba neno la siri la mtu yeyote. Alihitaji kutuma ombi moja kupitia kwa wakala, mstari wa kwanza ukitaja tovuti ya wengine, tuseme tovuti ya shule, na mstari wa mwenyeji ukitaja tovuti yake mwenyewe. Wakala alikwenda kwa mhalifu, akaleta ukurasa wa mhalifu, akauweka ghalani kwa jina la shule. Tangu hapo kila mwanafunzi aliyeuliza ukurasa wa shule kupitia kwa wakala yule alipewa ukurasa wa mhalifu, mpaka muda wa nakala hiyo ukaisha. Wataalamu huita tendo hilo kutia sumu ghalani, nalo jina hilo ni la haki. Atiaye sumu katika kikombe humdhuru mtu mmoja. Atiaye sumu kisimani huwadhuru wote wachotao.

Kasoro hii ilifichuliwa na Jianjun Chen wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, China. Waangalizi wa Squid waliitangaza mwezi wa Mei mwaka 2016, ikapewa nambari CVE-2016-4553, na dawa yake ikatolewa katika toleo la 3.5.18. Chen na wenzake walionyesha mwaka ule ule kwamba ugonjwa huo haukuwa wa Squid peke yake. Programu nyingi, kila moja ikiwa imeandikwa na watu makini, zilitofautiana katika kulisoma ombi lenye majina mawili. Kila programu peke yake ilionekana kuwa na akili timamu. Hatari ilikuwa katika kutosikilizana kwao. Jambo hilo lastahili kukumbukwa, maana katika maisha ya watu pia maafa mengi hutokea pale ambapo watumishi wawili waaminifu hawakulielewa agizo moja kwa namna moja.

Lakini kutolewa kwa dawa si kupona. Dawa ya programu haijinywi. Ni lazima msimamizi wa kila kompyuta apate habari, aichukue, aiweke na kuijaribu. Wakala wa intaneti ni mtumishi mtulivu: hukaa kabatini kwa miaka, taa zake zikimetameta, na maadamu kurasa zafika, hakuna amkumbukaye. Aliyemweka amehamia kazi nyingine. Aliyerithi chumba hajui kuna nini ndani ya kabati. Kwa hiyo kasoro yaweza kufa katika vitabu vya wataalamu na kuendelea kuishi katika ofisi na vyuo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Nao hawakusema kwamba ufa huziba kwa kutangazwa.

Mtu aweza kuuliza kama mambo haya bado yana maana kwetu, kwa kuwa zama za viungo vyembamba zimepita. Ni kweli kwamba pwani yetu imebadilika. Mwezi wa Juni mwaka 2009 waya wa nyuzi za kioo uitwao TEAMS, utokao Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulifika Mombasa, na Rais Mwai Kibaki akaupokea katika sherehe iliyofanywa Fort Jesus. Mwezi uliofuata waya wa SEACOM ukaanza kazi, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Mji uliokuwa ukipokea majahazi ukawa mlango wa intaneti wa Afrika ya Mashariki. Ni kweli pia kwamba siku hizi kurasa nyingi husafiri zimefungwa kwa maandishi ya siri, hata wakala adakaye njiani hawezi kuzisoma wala kuzibadili. Sumu ya namna ya mwaka 2016 imepungukiwa na uwanja.

Lakini mlango wa pamoja haukuondoka. Umebadili mahali tu. Mwezi wa Februari mwaka 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa, ikaukata waya wa TEAMS, na mawasiliano ya nchi kadhaa yakadhoofika. Nanga moja iliwagusa watu wasiopata kuiona bahari. Maghala nayo yangaliko: makampuni makubwa ya dunia huweka nakala za kurasa na picha zao karibu na wasomaji, kwa sababu ile ile iliyomfanya mwalimu wa zamani aweke Squid, na Squid yenyewe bado yatumika.

Tena walinzi wake wangali wachache. Mwezi wa Oktoba mwaka 2023 mtafiti Joshua Rogers alitangaza hadharani kwamba, alipoichunguza Squid mwaka 2021, alikuta kasoro 55, na kwamba 35 kati ya hizo zilikuwa hazijapata dawa. Baadhi zilishughulikiwa baadaye. Mtu mwepesi wa kulaumu atasema kwamba waangalizi walikuwa wazembe. Mimi sioni hivyo. Watu wachache wa kujitolea walikuwa wakilinda ghala ambalo makampuni na serikali nyingi zililitumia bila kulipa hata ujira wa mlinzi mmoja. Kitu kilichotolewa bure kilichukuliwa kana kwamba chajitunza chenyewe. Tangu fedha za mwaka 2000 zilipokwisha, suala la nani alipe gharama ya ulinzi halikupata jibu la kudumu.

Hapo ndipo nionapo funzo kubwa la historia hii. Wakala mwenye ghala alibuniwa kwa sababu njema, naye alitenda mema mengi: alimpa mwanafunzi wa nchi maskini ramani yake kabla kengele haijalia. Lakini kila tunapokubali mmoja asafiri kwa niaba yetu, tunampa pia uwezo wa kutudanganya, au wa kudanganywa na kutupitishia uongo huo bila kujua. Hatuwezi kuishi bila mawakala, kama vile watu wa Likoni wasivyoweza kuogelea kila asubuhi kwenda kazini. Twaweza lakini kukataa kuwaamini kwa upofu. Watu wa Feri hudai vyombo vyao vikaguliwe na vitengenezwe, maana wajua kina cha maji yaliyo chini yao. Mtumiaji wa intaneti hakioni kina hicho, na kwa hiyo hadai.

Nawe kijana usomaye haya, huenda kesho ukakabidhiwa ufunguo wa chumba chenye kompyuta ya namna hiyo, katika shule, hospitali au ofisi ya kaunti. Siku hiyo usiridhike kwa kuona taa zinawaka. Uliza ni programu gani iliyomo, ni toleo lipi, na mara ya mwisho ilirekebishwa lini. Uliza kama watumiaji wameambiwa kwamba wakala yuko njiani mwao. Na ikiwa chombo unachokitumia kilitengenezwa na watu wa kujitolea, tazama kama wewe au taasisi yako mwaweza kuwasaidia, kwa fedha, kwa kuichunguza kazi yao, au kwa kuwaandikia upesi mkiona kasoro. Chen alikuwa mwanafunzi wa chuo alipoziona zile chapa mbili za gunia. Alizisoma zote mbili, akauliza kwa nini hazilingani.